Ragna Hanywi

Preben Løvstad aliingia nyumbani kwangu na chupa mkononi. Akavua viatu mlangoni kama mtoto aliyelelewa vizuri, akaja kuiweka chupa katikati ya meza, baina ya keki na birika la kahawa. Ilikuwa pombe kali ya viazi, ya bei mbaya, imefungwa utepe wa rangi za taifa. Siku yenyewe ilikuwa tarehe kumi na saba Mei. Mtu anayekuja kuzungumza biashara siku ya taifa hana haya, na hilo peke yake lingetosha kunionya.

"Heri ya sikukuu, Gudny," alisema.

"Na kwako pia. Kaa. Keki hiyo."

Preben ni mhariri, katoka Oslo. Dada yake anaishi ng'ambo ya hori letu, na asubuhi hiyo alikuwa ameandamana na watoto wa dada nyuma ya bendi ya shule, akapiga kelele za hurra, akala aiskrimu, kisha akapanda boti kuja kwangu akiwa bado na vazi la asili la kwao: suruali inayoishia magotini, kizibao chenye vifungo vya fedha, soksi nyeupe za sufi. Alipendeza, sina budi kusema. Kwenye mkoba wake mlikuwa na muswada wangu.

Muswada huo ni riwaya ya upelelezi, ya kwanza katika mfululizo wa sita nilioupanga. Mpelelezi wangu anaitwa Ragna Myrvoll. Ni askari wa mji mdogo wa pwani kama huu wetu, mwanamke wa makamo mwenye akili kali na ulimi mkali zaidi, na anaogopa giza. Nasema giza la kawaida, la chumba kilichozimwa taa. Na huku kwetu wakati wa baridi jua hujificha nyuma ya mlima wiki baada ya wiki. Hebu fikiria mwanamke huyo anavyokwenda kazini mwezi Desemba.

"Tumeipenda," alisema Preben, mdomo umejaa krimu. "Ofisi nzima imeipenda. Tunazitaka zote sita, na ya kwanza tunataka itoke kabla ya Pasaka."

Pasaka kwetu watu hupanda kwenye vibanda vyao milimani na machungwa, chokoleti na riwaya ya mauaji. Familia nzima hujifungia kwenye theluji kusoma jinsi jirani alivyochinjwa, na hurudi mjini wametulia kabisa. Mwandishi anayeiwahi Pasaka ameula. Mimi nilikuwa nimestaafu polisi, mjane, na muswada huo ulikuwa umekataliwa kwingine kote. Nilikuwa naitaka sana hiyo Pasaka.

"Ila kuna mambo mawili," alisema.

"Nilijua tu. Yaseme."

"La kwanza ni bendera."

Hapo inabidi nieleze. Katika kitabu changu mzee mmoja anauawa nyumbani kwake siku ya taifa, jioni mapema. Daktari hana shaka na saa. Lakini jirani anaapa kwamba kabla tu ya saa tatu ya usiku, muda mrefu baada ya mzee kufa, bendera yake ilikuwa bado inapepea bustanini. Asubuhi inakutwa imeteremshwa, imekunjwa vizuri, imewekwa kwenye kiti cha barazani. Maiti haikunji bendera. Basi Ragna anajiuliza swali moja tu. Saa tatu imefika, bendera bado iko juu, na kila mtu hapa anajua ikifika saa tatu iwe imeshuka. Mpita njia mwema angefanya nini? Angegonga mlango. Angesema, mzee, umesahau bendera yako. Asingejibiwa, angechungulia, na maiti ingeonekana usiku uleule. Aliyeiteremsha bila kugonga alijua hakuna wa kumfungulia. Na aliyejua hivyo ni mmoja tu, ndugu wa marehemu, anayeishi nyumba ya pili, aliyemuua kwa ajili ya banda la mashua la baba yao. Alikaa dirishani kwake akiitazama bendera ile hadi uvumilivu ukamshinda.

Mimi hapo ndipo ninapojipenda. Preben hakupapenda.

"Gudny, hebu tuwe wakweli. Mtu kaua ndugu yake wa damu, mikono bado inatetemeka, halafu anarudi kule kule kwa sababu ya bendera?"

"Ndiyo."

"Hakuna atakayeamini. Huyo muuaji atakuwa mpumbavu."

"Si mpumbavu. Ni Mnorwe."

Akacheka, lakini akatikisa kichwa. "Berlin watacheka kitabu chote. London watacheka."

"Wacheke. Kwani nimewaandikia wao?"

Akajimiminia kinywaji kidogo kutoka kwenye chupa aliyoileta, akanielekezea shingo ya chupa nami nikaweka kiganja juu ya glasi yangu. Akaendelea kunieleza habari za masoko, na wasomaji, na jinsi muuaji anavyotakiwa kuponzwa na kitu kinachoeleweka dunia nzima, kwa mfano simu. Simu! Nilimtazama akiongea, na nyuma ya bega lake, dirishani, niliiona bendera yangu mwenyewe juu ya mlingoti, na jua bado liko juu ya bahari kama kawaida ya Mei. Saa ya ukutani ilikuwa inaikaribia saa tatu. Kwa kawaida ningekuwa nimeshavaa viatu. Safari hii nikakata kipande kingine cha keki.

Sikuwa nimepanga, naapa. Ilinijia palepale.

Saa ikagonga. Preben aliisikia, maana alikatisha sentensi yake, akageuka dirishani, kisha akanigeukia mimi. Nikalamba krimu kwenye kijiko.

"Ulikuwa unasema simu," nilisema.

"Ndiyo. Simu. Siku hizi minara inaonyesha..." Akageuka tena. "Gudny, bendera."

"Naiona."

"Imeshafika saa tatu."

"Najua kusoma saa. Endelea, minara inaonyesha nini?"

Akajaribu. Maskini, alijaribu kweli. Akazungumza habari za minara ya simu huku goti lake likicheza chini ya meza. Akakunja mikono, akaikunjua. Akasema labda mimi nimechoka na angeweza kunisaidia. Nikamwambia sijachoka hata kidogo, na bendera ni yangu, ibaki hapo hapo juu hata mpaka Krismasi, kwani itamng'ata nani? Hapo akawa mwekundu shingoni.

"Haiwezekani," alisema. "Samahani, lakini haiwezekani."

Na akatoka! Mhariri wa Oslo, vifungo vya fedha vinameremeta, hakukumbuka hata viatu. Alikimbia kwenye majani mabichi na zile soksi nyeupe za sufi, akafungua kamba, akaanza kuiteremsha bendera taratibu kwa heshima zote, akaidaka kwenye mikono isije ikagusa ardhi. Mimi nilisimama kizingitini nikimwangalia. Kicheko kilinijaa tumboni lakini sikukitoa, nilikuwa nangoja akunje.

Aliikunja. Aliikunja vizuri kuliko mimi.

Wakati huohuo jirani yangu Edvin akatokea kwenye njia ya changarawe, suruali imeshikiliwa na mikanda ya mabegani, anahema. Edvin ni mzee wa nyumba ya pili, mvuvi mstaafu, na hajawahi kuishi siku moja bila kunichokoza.

"Jirani!" alipaza sauti. "Kumbe uko hai? Nimeona bendera iko juu mpaka saa hizi, nikajua umekufa. Nilikuwa nakuja kugonga."

"Sijafa, Edvin. Nina mgeni."

Akamtazama Preben juu mpaka chini, akaishia kwenye soksi, zilizokuwa zimegeuka kijani. "Huyu ndiye wa Oslo? Huko kwenu viatu vimeadimika, kijana?"

Preben alisimama pale na bendera yangu kifuani, kinywa wazi. Alinitazama mimi, akamtazama Edvin aliyekuja kugonga, akaitazama bendera aliyoiteremsha yeye bila ruhusa ya mwenyewe. Nilitaka alifikie jibu mwenyewe.

"Sawa," alisema hatimaye. "Sawa, Gudny. Bendera ibaki."

"Ibaki wapi?" aliuliza Edvin. "Si umeshaishusha?"

Nikamwambia Edvin aende akalale, na nitampelekea keki kesho. Akaondoka akinung'unika kwamba wasomi wanazidi kuharibika.

Tukarudi ndani. Preben alivua soksi, akazitandaza juu ya jiko, akakaa miguu mitupu. Nilidhani nimeshinda. Nilijaza kahawa, nimefurahi mno, nikamwuliza jambo la pili ni lipi kana kwamba nauliza hali ya hewa.

"La pili ni Ragna mwenyewe," alisema. "Anaogopa giza, hiyo ni ya watoto wadogo. Msomaji anataka mpelelezi aliyevunjika kweli. Sisi tumeonelea anywe."

"Anywe nini?"

"Pombe, Gudny. Awe mlevi. Anaamka kwenye kochi na nguo za jana, anachelewa kwenye maiti, mkubwa wake anamfokea, lakini ana kipaji. Pombe inamfungulia kitu kichwani. Wasomaji wanawapenda watu wa namna hiyo, unajua. Wanawahurumia."

"Ragna hanywi."

"Ndiyo maana nasema tubadilishe. Sura tatu tu, nyingine nitazigusa mimi. Bendera nimekuachia, si ndiyo? Nipe na wewe kidogo."

"Ragna hanywi," nilisema tena.

Akavuta pumzi kama mtu anayemwelewesha mgonjwa. Kisha akafanya kosa. "Na wewe kuliko mwandishi yeyote ungeweza kuliandika hilo," alisema. "Nimeambiwa habari za marehemu mumeo. Steinar. Wanasema alikuwa mpelelezi bora kuliko wote pwani hii, na kwamba alikunywa kwa sababu ya yale aliyoyaona kazini. Hiyo ni riwaya tayari! Unayo nyumbani halafu unatuletea mwanamke anayeogopa taa kuzimika?"

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka, nikafunga birika kwa kishindo. Preben aliona nimebadilika, akaomba kwenda msalani. Nikamwonyesha ukumbi.

Alikawia. Aliporudi alisimama mlangoni, miguu mitupu, hakukaa.

"Gudny. Mbona taa zinawaka nyumba nzima? Vyumbani, kabatini, mpaka chini ya ngazi kuna taa. Na nje bado ni kweupe kama mchana."

"Kaa chini," nilimwambia. "Umeuliza, basi nitakujibu."

Akakaa.

"Mimi na Steinar tulikuwa kituo kimoja, mimi nikihoji mashahidi, yeye akiongoza upelelezi. Alikuwa hodari, ndiyo. Alikuwa hodari siku ambazo hakunywa. Siku alizokunywa hakufungua kitu chochote kichwani, alisahau jina la marehemu. Waliomalizia kazi hizo ni wengine, mimi nikiwemo, na tukaandika jina lake chini kwa sababu alikuwa mkubwa na alikuwa mume wangu. Hizo ndizo hadithi ulizoambiwa."

"Sikujua," alisema.

"Ngoja, sijafika. Usiku nilikuwa nikizima taa zote, majirani wasije wakamwona anavyopanda ngazi kwa magoti. Nakaa chini ya ngazi, gizani, nasikiliza ufunguo. Ukiingia kwenye tundu mara moja, usiku huo tutalala. Ukianza kukwaruza mlango, kra, kra, kra, haulioni tundu, basi namhamishia binti yangu kitandani kwangu na kufunga kwa komeo. Baridi yote hivyo, na baridi ya huku unaijua. Steinar kazikwa miaka mingi sasa. Mkuu wa kituo alisimama kaburini akasema Steinar alibeba giza la kazi yetu sote. Niliposikia hivyo nilitaka kumpiga na shada la maua."

Preben aliitazama glasi yake. Ilikuwa bado na kinywaji, hakuigusa.

"Sasa nisikilize vizuri," nilisema. "Wapelelezi wenu wote wale walevi wana mke. Umewahi kumwona? Ameshaondoka. Anatajwa sura ya kwanza, kwenye mstari mmoja, kwamba alichukua mtoto akaenda zake, na msomaji anamwona ni katili, kamwacha mtu mwenye kipaji. Baada ya hapo hatumsikii tena. Vitabu na vitabu, hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumfuata huyo mwanamke aone alikwenda wapi. Mimi nimemfuata. Alikwenda kazini. Anaitwa Ragna Myrvoll, ana akili, anakamata wauaji, na hawezi kukaa chumba chenye giza. Hayo ndiyo masumbuko yake, na ni makubwa kuliko chupa zenu zote. Unataka nimtilie mkononi kitu kilekile kilichomfanya hivyo? Thubutu!"

Nilikuwa nimesimama, sijui tangu lini. Sikuona aibu.

"Ofisi itakataa," alisema Preben polepole. Hakuwa ananitisha, nadhani alikuwa anasikitika. "Nakwambia kama rafiki. Wameshaanza mpaka picha ya jalada, dirisha lenye theluji na glasi. Watakataa, na Pasaka itakupita, na sijui kama kuna atakayekuchukua baada yetu."

"Wakatae."

"Fikiria mpaka kesho."

"Nimefikiria chini ya ngazi zile majira yote ya baridi. Sibadilishi ng'o."

Preben akavaa soksi zake, bado mbichi, akavaa viatu, akarudisha muswada mkobani, kisha akautoa tena, akauweka mezani, kisha akaurudisha mkobani kwa mara nyingine. Nilimwacha ahangaike. Alinishukuru kwa keki, akaelekea gatini kuwahi boti ya mwisho.

Nilipogeuka kutoa vyombo, niliiona chupa. Imekaa pale pale katikati ya meza yangu na utepe wake, imepungua vidole viwili, inameremeta kama mwenye nyumba. Tangu Steinar azikwe hapajawahi kulala chupa chini ya paa hili, na sikuwa nitaanza siku hiyo. Nikaikamata shingoni, nikatoka mbio, na viatu nilivaa, mimi si mtu wa Oslo. Edvin alikuwa ameegemea uzio wake, maana huyo halali mpaka ajue kila kitu.

"Preben!" nilipiga kelele mpaka shakwe wakaruka gatini. "Preben! Umemsahau mpelelezi wako!"

Aligeuka akiwa tayari kwenye daraja la boti. Nikamfikia nikihema, nikamtia chupa mkononi. Abiria wote walituangalia, watoto na vibendera vyao, mabibi na mavazi yao ya sikukuu. Preben aliiangalia chupa, akaniangalia mimi, na ghafla akaanza kucheka, cheko la mtu aliyeshikwa.

"Niwaambie nini huko ofisini?" aliuliza.

"Waambie nimesema hapana. Halafu waambie ni nani aliyeteremsha bendera."

Boti ikaondoka. Nilipanda kurudi nyumbani bila haraka, na Edvin akanidaka kwenye uzio.

"Umemfukuza?"

"Kaenda mwenyewe."

"Na kitabu je?"

"Kitabu kipo. Kaondoka na nakala tu."

"Mimi ningekinunua," alisema Edvin, ambaye hajawahi kununua kitabu tangu azaliwe. Nikamwambia kwa hilo atapata vipande viwili vya keki.

Jibu la Oslo halijafika mpaka leo, na sasa ni mwezi Agosti, jioni zimeanza kuingia kiza. Huenda litakuja, huenda lisije. Sikulingojea. Usiku ule ule wa sikukuu niliingia ndani, nikaacha taa zote zikiwaka kama zilivyokuwa, za vyumbani, za kabatini, na ile ya chini ya ngazi. Nikasogeza keki pembeni, nikakaa mahali palipokuwa na chupa, nikaanza kitabu cha pili. Kinaanzia kwenye nyumba ya mpelelezi mmoja mashuhuri aliyekutwa amekufa sakafuni, wenzake wamesimama nje gizani wakisimuliana alivyokuwa na kipaji, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia. Sentensi yake ya kwanza ni hii: Ragna Myrvoll aliwapita wote, akaingia, akawasha taa.